Kitovu cha Pili: Miezi Yangu na Pampu ya Moyo

Ikiwa umeambiwa kwamba moyo wako hauwezi tena kazi yake, na kwamba ipo mashine ndogo ya kuusaidia, huenda unasoma haya ukiwa umekaa kwenye benchi na jina lako bado halijaitwa. Nimekaa kwenye benchi hilo. Mimi si daktari wala muuguzi, na mambo ya dawa nawaachia wenyewe. Nitakueleza jinsi siku zilivyokwenda, kwa sababu nilipokuwa hapo ulipo wewe, hicho ndicho nilichokitafuta nisikipate.

Naitwa Mama Domitila. Ninaishi Kibaoni, hapa Ifakara, katika nyumba aliyoniachia mume wangu, marehemu Fridolini. Nilizaliwa Kisawasawa, na siku niliyozaliwa haijulikani, wala mwaka. Mama alisema tu kwamba ilikuwa wakati wa kuamia ndege, kuwafukuza shambani, mpunga ukiwa umekwisha kuchanua. Kusoma nilianza nikiwa mke wa mtu, katika darasa la watu wazima, na mtihani wa kidato cha nne niliufanya kama mtahiniwa wa kujitegemea, mwaka uleule ambao binti yangu Domitila aliufanya akiwa na sare ya shule. Matokeo yangu yalikuwa mazuri kuliko yake, na hadi leo hapendi nilitaje jambo hilo. Tangu nilipojua kuandika, sijaacha tarehe inipite.

Ugonjwa wangu ulijitambulisha tarehe kumi na tisa Machi, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Wiki chache kabla nilikuwa nimeugua mafua makali, nikapona, nikasahau. Siku hiyo, nikienda kanisani, nilishindwa kufika bila kupumzika. Nikainama kando ya barabara kama mtu anayefunga kamba za viatu, ilhali nilikuwa nimevaa kandambili. Sikutaka mtu ajue kwamba nahema.

Masika ilipokolea, miguu ikavimba hata kandambili zikaniachia alama zisizofutika hadi jioni. Kulala chali kukawa sawa na kuzama. Nikawa nalala nimeketi, nimeegemea gunia la mpunga lililofunikwa kitenge, kwa kuwa mito ilikuwa laini mno na nilikuwa nateleza. Kikohozi kilitibiwa kama homa ya mapafu, mara mbili. Mwezi wa Juni, watu wakivuna, daktari mmoja kijana hapa Ifakara alinipaka mafuta ya baridi kifuani, akaweka kifaa chake, akatazama kwenye kioo, kisha akaacha kuzungumza. Kabla ya hapo alikuwa akinitania kuhusu bei ya mchele. Nilielewa kutokana na ule ukimya wake kuliko kutokana na barua ya rufaa aliyoniandikia.

Dar es Salaam nilikaa kwenye mabenchi ya kila namna. Nakushauri jambo moja dogo: chagua kiti chenye mikono. Mtu wa moyo hachoki kwa kusimama tu; huchoka hata kwa kujizuia asianguke upande. Kulikuwa na mama mlinzi mlangoni, jina lake sikulijua, ambaye kila asubuhi aliponiona alinisogezea kiti chake mwenyewe chenye mikono, yeye akasimama. Hakusema neno la huruma. Alisema, "Mama Ifakara, kiti chako kimeamka."

Kutoka hapo nikapelekwa India, mimi na Domitila, ambaye aliomba ruhusa katika shule anayofundisha Morogoro na kuahirisha harusi yake. Bima yake na mfuko wa hospitali ya huko vilibeba gharama, na zaidi ya hapo sitaeleza. Daktari wetu alikuwa mama mwenye mvi, mpole, anayezungumza Kiingereza taratibu ili nisimhitaji mkalimani. Alinitazama mimi, si binti yangu, akasema kwamba upande wa kushoto wa moyo wangu umelegea. Wangeweza kuushonea pampu ndogo inayozunguka mfululizo na kusukuma damu badala yake. Waya mmoja ungetoka tumboni hadi kwenye kisanduku cha kiunoni chenye betri.

"Kwa wengi," alisema, "pampu hii hubaki. Kwa wachache, moyo hupumzika ukapata nguvu, nasi tukaitoa. Wewe unaweza kuwa miongoni mwa hao wachache. Siwezi kukuahidi."

Basi hilo ndilo nililolibeba tangu siku hiyo. Moyo wangu ungeamka, au ningeishi maisha yangu yote nimefungwa na waya, katika mji ambao umeme hukatika mvua ikinyesha na hukatika isiponyesha.

Kulikuwa na jambo jingine. Ili kuingiza pampu, hukata kipande cha moyo, kadiri ya ncha ya kidole gumba. Daktari aliomba ruhusa ya kukihifadhi. Ikiwa siku moja wangeitoa pampu, wangechukua kipande kingine kidogo sana, wakavilinganisha ndani kabisa, mahali ambapo darubini ya kawaida haifiki, waone ni kitu gani kimebadilika.

Nilimpigia simu wifi yangu Skolastika, dada mkubwa wa marehemu mume wangu, kwa sababu katika ukoo wetu jambo la mwili haliamuliwi na mtu mmoja. Wifi Skolastika ndiye anayeitwa Kibaoni nzima mwanamke anapofariki. Yeye huwaosha, huwavalisha, naye ndiye huyafumba macho.

"Shikamoo wifi."

"Marahaba. Wanakupa chakula huko?"

"Wananipa. Wifi, wanataka kubaki na kipande cha moyo wangu."

Nikadhani simu imekatika.

"Wa kufanyia nini?"

Nikamweleza.

"Kitovu chako kilizikwa Kisawasawa," akasema. "Vitovu vya wanao nilivizika mimi, nyuma ya nyumba, chini ya mgomba. Ndiyo maana Tila hata akienda Morogoro anarudi. Sasa moyo ukabaki ng'ambo ya bahari? Mama Tila, utarudi nusu."

"Nikikataa, hawatajua kilichobadilika."

"Na ukikubali, mimi nitajuaje aliyerudi ni nani?"

Domitila alininyang'anya simu. "Shangazi, hii ni sayansi."

"Na hii ni shangazi yako," sauti ikajibu, na hapo simu ikakatika kweli.

Nilikaa na neno lile hadi kesho yake. Nikamwambia daktari kwamba naruhusu, kwa sharti: wakimaliza kulinganisha, kitakachosalia nirudishiwe. Nilitarajia acheke. Hakucheka. Alisema hata bibi yake kijijini angedai hivyohivyo, na kwamba ataliombea kibali.

Pampu iliwekwa tarehe mbili Agosti. Siku za mwanzo sizikumbuki vizuri na sitajifanya nazikumbuka. Ninachokumbuka ni asubuhi niliyojaribu kulala chali nikaweza. Nililia, na muuguzi akadhani naumwa.

Nakumbuka pia siku nilipojishika mkono nikatafuta mapigo nisiyapate. Pampu haipigi, inazunguka. Damu hupita kama maji ya mfereji, haina kishindo. Nilikuwa natembea, nakula, nabishana na Domitila, na kwenye kifundo cha mkono wangu palikuwa kimya kabisa. Kama jambo hili halijakufika, litakufika, nawe utaogopa. Kaa mahali patulivu utege sikio; kuna mvumo mdogo kifuani ambao ndio mapigo yako mapya. Mimi nilipousikia mara ya kwanza, nilijua mara moja umefanana na nini. Ni mashine ya kukoboa mpunga ya pale Kibaoni, ukiisikia kutoka mbali, upepo ukiwa umegeuka.

Tulirudi nyumbani Januari, kabla mvua hazijashika. Paa lilikuwa limekwisha kufungwa paneli za sola na betri kubwa, kwa ajili ya zile siku za giza. Wifi alikuwa amesimama mlangoni na kanga mabegani. Alinizunguka mara moja, kama mtu anayekagua mbuzi wa mnadani, akainua ncha ya blauzi yangu, akautazama waya unaotoka chini ya mbavu.

"Haya," akasema. "Umeacha moyo, umerudi na kitovu cha pili."

Huo ndio ukawa utani wake, na nilimchukia kwa utani huo muda wa wiki nzima. Lakini nitakuambia rehema ambayo sikuitegemea. Mwenye waya haogi kwa kumwagiwa maji mpaka kidonda kitulie na madaktari waruhusu, na kutumbukia mtoni ni mwiko kabisa. Lazima apanguswe, sehemu kwa sehemu, na bandeji ibaki kavu. Domitila alikuwa na mikono ya woga. Wifi Skolastika alimsogeza kando, akakunja mikono ya gauni lake, akaniosha kuanzia kisogoni hadi nyayoni bila tone hata moja kufika pasipotakiwa. Mikono yake ilijua kuosha mtu aliyelala. Nilijua imejifunzia wapi.

"Umenyoosha miguu mno," alinong'ona. "Kunja kidogo. Wangu wengine ndio hunyoosha hivyo."

Ikabidi nicheke, na kucheka kuliniuma mshono.

Kabla ya kurudi Morogoro, Domitila aliwaita watu wa nyumbani awafundishe: kengele hii ina maana gani, betri inabadilishwaje, moja baada ya nyingine na kamwe si zote mbili kwa pamoja, nini kifanyike nikizimia. Wifi alisema hatafundishwa na mtoto aliyemfunga nepi yeye mwenyewe. Akaketi kwenye kochi, akafumba macho, akaanza hata kukoroma kidogo.

Sasa nifike Ijumaa Kuu, ambayo mwaka ule iliangukia tarehe kumi na nane Aprili.

Nimefunga Ijumaa Kuu tangu kipaimara. Si chakula tu. Hata maji, mpaka ibada ya saa tisa iishe. Mama yangu alifunga hivyo, na Fridolini alifunga hivyo shambani, mkononi ana jembe. Daktari alikuwa ameniambia nisikae bila maji, kwa kuwa pampu ikikosa damu ya kutosha hunyonya kuta za moyo wenyewe. Nilikuwa nimelielewa vizuri neno hilo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Lakini siku ile joto lilikuwa kali kabla ya mvua, kanisa limejaa, na mimi nikiwa kwenye mstari wa kubusu Msalaba, nikaona aibu kuwa mtu pekee wa jumuiya yetu aliyekunywa. Sijui kwa nini nilidhani Msalaba unahesabu glasi.

Nilianguka mlangoni tukitoka. Yaliyofuata nimesimuliwa na watu wengi, kila mmoja kwa namna yake, na nimechukua yale wanayokubaliana.

Akina mama wa jumuiya walinibeba hadi kivulini. Mama Oktaviani, jirani yangu, ambaye aliwahi kufanya usafi zahanati na tangu hapo hushika watu mikono, alinishika kifundo. Akashika cha pili. Akaweka vidole shingoni.

"Jamani," akasema, "hakuna kitu."

Vilio vikaanza. Mtu akavua kanga yake akanifunika uso. Mwingine akakimbilia kwa katekista kuuliza kama kengele inaruhusiwa kulia Ijumaa Kuu. Na kutoka kiunoni kwangu kisanduku kilikuwa kikipiga kelele, tii, tii, tii.

"Zimeni hiyo simu yake," akasema Mama Oktaviani huku akilia. "Sijui ni nani huyo anapiga saa hizi."

Wifi Skolastika alikuwa nyuma, miguu yake haikimbii tena. Watu wakampisha, kwa sababu kazi iliyobaki sasa ilikuwa yake. Alipiga magoti. Akafunua kanga usoni mwangu. Kisha akafanya jambo ambalo hajawahi kumfanyia maiti yeyote: akalaza sikio lake kifuani kwangu.

"Nyamazeni," akasema.

Hawakunyamaza.

"Nyamazeni, nyie! Mnamlilia nani? Mashine inakoboa!"

Wanasema alitulia pale sikio limegandana na kifua changu, mkono mmoja ameuinua juu kuwazuia. Kisha akaanza kuamuru. Hiyo si simu, ni pampu yake inalia njaa ya maji. Mtu yeyote asimkandamize kifua. Ninyi wawili inueni miguu yake. Wewe tafuta gari. Akakagua betri moja baada ya nyingine, akaona zote zina taa ya kijani, akaziacha. Alikuwa amesikia kila neno la Domitila akiwa kwenye lile kochi.

Nilifumbua macho nikaona uso wake karibu sana.

"Shikamoo wifi," nikasema, nisijue la kusema.

"Marahaba, mjinga wewe," akanijibu. "Mimi nikikuosha, nakuosha ukiwa hai. Ile nyingine sitaki. Tafuta mtu mwingine."

Hospitalini waliniwekea dripu, na kisanduku kikanyamaza. Jioni ile paroko alikuja, akaniambia kwa upole kwamba mgonjwa hafungi, na kwamba nikirudia atanipa malipizi ya kunywa chai mbele ya jumuiya nzima. Mama Oktaviani hakuweza kunitazama usoni hadi Pentekoste. Nilimfuata mwenyewe na kikapu cha machungwa.

Tangu siku hiyo wifi alihamia kwangu. Hakuomba, alileta godoro tu. Kila asubuhi alilaza sikio kifuani kabla ya kunywa chai. Mvua zikaisha, mpunga ukavunwa, barabara ya Kiberege ikakauka. Mimi nikawa natembea hadi sokoni, kisha hadi kanisani, kisha hadi mahali pale nilipojifanya nafunga kamba za viatu. Sikuinama.

Mwezi wa Septemba, asubuhi moja, alikaa na sikio lake kuliko kawaida.

"Kuna kingine humu," akasema. "Mashine inakoboa, lakini kuna mtu anatwanga pia."

Nilimkatalia. Sikutaka kutumaini kwa neno la mtu anayeosha maiti. Lakini alipoondoka niliweka vidole kifundoni, nikaona kitu chepesi sana kinagusa na kuondoka, kama samaki mdogo anayejaribu chambo.

Daktari yule kijana wa Ifakara alipaka mafuta yake ya baridi, akatazama kwenye kioo, akaanza kuzungumza upesi upesi. Mwezi wa Novemba tukarudi India. Walipunguza kasi ya pampu kidogo kidogo, siku kwa siku, nikipandishwa na kushushwa ngazi, huku sote tukingoja kuona kama moyo utaubeba mzigo peke yake. Kungoja kule kulinichosha kuliko upasuaji wenyewe. Ukaubeba. Tarehe tisa Desemba wakaitoa pampu.

Kabla sijaondoka daktari alikuja kuniambia walichokiona katika vile vipande viwili. Naeleza kadiri nilivyoelewa. Kila chembe ya moyo ina maagizo mengi ndani yake. Mengine hutumika mtoto akiwa tumboni tu, kisha huzimwa akizaliwa. Moyo unaposhindwa, chembe zake huvimba, na huanza kuwasha tena yale maagizo ya zamani, kana kwamba unajaribu kurudi tumboni ambako kazi ilikuwa nyepesi. Kipande changu cha kwanza kilikuwa hivyo. Katika cha pili chembe zimepungua unene, na mengi ya maagizo yale yamezimwa. Si yote. Nitakunywa dawa maisha yangu yote, na watanipima kila mwaka.

"Moyo wako haujawa mpya," alisema. "Umekumbuka umri wake."

Nilimwambia kwamba basi umenizidi, kwa kuwa mimi wangu siujui.

Akanipa kiboksi kidogo. Ndani yake mlikuwa na kipande cha nta nyeupe, na katikati ya nta, kitu cha rangi ya majani ya chai, kidogo kuliko punje ya mpunga. Ndicho kilichosalia cha kile cha kwanza.

Nilifika nyumbani mkesha wa Epifania. Asubuhi yake Wifi Skolastika alichukua jembe tukaenda nyuma ya nyumba, penye migomba. Domitila alikuwa amekuja na mchumba wake, wakasimama pembeni bila kusema kwamba hii si sayansi.

Nikampa kile kiboksi. Alikitazama, akakipima kwa kiganja.

"Tunasali ipi?" nikauliza. "Ya marehemu?"

"Nani kafa? Kitovu hakisaliwi. Kinafukiwa, mtu anaendelea kukua." Kisha akanyoosha mkono. "Lete hapa kwanza."

Nikadhani anataka kunisalimu. Alinishika kifundo, akakandamiza kwa vidole vile vilivyofumba macho ya watu wengi, akainamisha kichwa. Jembe alikuwa ameliegemea kwa mkono wa pili. Jua lilianza kutuunguza. Kuku walikuwa wamekwisha kusogea kwenye udongo wakingoja tuchimbe.

"Chimba basi, wifi," nikamwambia.

"Subiri," akasema. "Bado nasikiliza."